Nyuzi Mbili, Nne au Sita: Kuchagua Mshono wa Kano za Kukunja Vidole katika Majaribio ya Wanyama

Anayepanga jaribio la kushona kano ya kukunja kidole katika mnyama huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza ni mshono upi wenye nguvu kuliko yote. Swali hilo lina jibu jepesi, nalo halimfikishi mbali: mradi uzi ni wa aina moja na unene mmoja, mshono wenye nyuzi nyingi zinazovuka mkato ndio unaochelewa kukatika. Kinachotofautisha jaribio lenye maana na jaribio la kujaza jedwali ni maswali mawili yanayofuata, yaani pengo hufunguka kwa nguvu kiasi gani kabla mshono haujakatika, na kano iliyoshonwa hupita vipi ndani ya ala yake, yaani mfereji unaoizunguka. Ulinganisho huu umepangwa kwa kufuata maswali hayo, na kwa kuzingatia kwamba mshono unaofaa kano ya mbwa unaweza kuiharibu kabisa kano ya kuku.

Inafaa kwanza kukumbuka mshono unakabiliwa na mzigo gani. Vipimo vilivyochukuliwa moja kwa moja kwenye kano za watu wakati wa upasuaji wa kifundo cha mkono, vilivyochapishwa na Schuind na wenzake mwaka 1992, vilionyesha kwamba kidole kinapokunjwa na mkono wa mtu mwingine kano hubeba hadi nyutoni 9 hivi, kikijikunja chenyewe bila kizuizi hufika nyutoni 35, na mtu anapobana kitu kwa ncha za vidole hupanda hadi nyutoni 120. Ongeza hapo uvimbe na msuguano wa siku za mwanzo. Ongeza pia jambo ambalo Mason na Allen walilionyesha kwa mbwa mwaka 1941, kwamba nguvu ya kano iliyoshonwa hushuka katika siku za mwanzo baada ya upasuaji, kwa sababu ncha za kano hulainika na kushindwa kuushika uzi, ndipo baadaye ianze kupanda. Kwa hiyo namba iliyopimwa mezani siku ya kwanza ndicho kiwango cha juu ambacho mshono wenyewe utakuwa nacho kwa muda, na si sahihi kuichukulia kama akiba ya kudumu.

Mshono wa nyuzi mbili

Mshono unaojulikana zaidi katika kundi hili ni ule wa Kessler uliorekebishwa, ambao umbo lake la msingi lilikwisha kuelezwa na Kirchmayr mwaka 1917. Sindano huingia kwenye uso wa mkato, husafiri ndani ya kano kuelekea mbali na jeraha, hutoka pembeni, huvuka kano kwa upana wake, kisha hurudi ndani hadi kwenye mkato. Upande wa pili hufanywa vivyo hivyo, na fundo moja huachwa katikati, kati ya ncha mbili za kano. Ni mshono mwepesi, wenye mtomo mchache, na hata mtu anayejifunza huweza kuurudia kwa namna ileile katika kano ya kumi kama alivyofanya katika ya kwanza. Sifa hii ya mwisho haisemwi vya kutosha. Katika jaribio lenye wanyama wachache, mshono unaorudiwa kwa usawa una thamani kuliko mshono wenye nguvu unaobadilika kila mara mkono unapochoka.

Udhaifu wake uko kwenye pembe. Pennington alionyesha mwaka 1979 kwamba kila kitu hutegemea jinsi sehemu inayovuka inavyokutana na sehemu inayokwenda kwa urefu: sehemu inayovuka ikipita juu ya ile ya urefu, kitanzi hujifunga na kukamata fungu la nyuzinyuzi za kano, ikipita chini yake, kitanzi hushika tu bila kufunga, na kikivutwa hunyooka na kuteleza. Ukiiweka kano ya namna hii ya pili kwenye mashine ya kuvuta na kuitazama kwa karibu, utaona mambo kwa mfuatano huu: kwanza uzi wa ukingo, ule mwepesi unaozunguka mkato, unakaza na vijikunjo vidogo vinajitokeza kwenye ngozi ya kano; kisha pembe za mshono wa kiini, yaani ule mkuu unaopita ndani ya kano, zinazama taratibu kana kwamba kano ni siagi; mstari mwembamba wa mwanga unatokea kati ya ncha mbili; na mshono unaendelea kubeba mzigo kwa muda mrefu huku pengo likipanuka. Grafu itaonyesha kilele cha kuridhisha, lakini mshono ulikwisha kushindwa kazi yake mapema kabla ya kilele hicho. Tofauti ya kushika na kufunga ni ndogo kiasi kwamba maelezo mengi ya mbinu huiruka, nami nashauri mtu yeyote anayeandika kwamba alitumia Kessler aseme wazi ni Kessler ipi.

Kwa uzi wa 4-0 (namba ya kwanza ikiwa kubwa zaidi, uzi ni mwembamba zaidi), nyuzi mbili kwa kawaida hushindwa katika nyutoni ishirini na kitu hadi thelathini na kitu, kutegemea kano na mshono wa ukingo. Hiyo inatosha kwa kidole kinachokunjwa kwa msaada. Kwa kidole kinachojikunja chenyewe inakuwa kamari.

Nyuzi nne

Ukiniuliza ni kundi lipi ninaloanza nalo ninapofikiria kano yenye ukubwa wa kutosha, ni hili. Mshono wa msalaba hutumia uzi mmoja na fundo moja kuweka nyuzi nne, mbili kati ya hizo zikipishana kama herufi X ndani ya kano. Ulipochapishwa mwaka 1999 ulivutia kwa sababu uliongeza uwezo wa kuzuia pengo bila kuongeza sana kazi ya sindano. Aina yake iliyoimarishwa, inayojulikana kwa jina la Adelaide, huongeza kitanzi cha kufunga katika kila pembe nne, kila kimoja kikikamata takriban milimita 2 za kano, na hapo tatizo la pembe kuzama hupungua kwa kiasi kikubwa. Kitanzi kikiwa kidogo mno hupasua nyuzinyuzi na kutoka. Kikiwa kikubwa mno huikunja kano na kuinenepesha pale pale inapotakiwa kuwa laini. Kuna pia nyuzi nne za Strickland, zinazopatikana kwa kuongeza mshono wa pili juu ya ule wa kwanza, lakini huzaa mafundo zaidi, na mizani ikiinama hivyo sioni sababu ya kuuchagua badala ya msalaba isipokuwa mtafiti anataka kulinganisha na kazi za zamani.

Gharama ya nyuzi nne ni mkono wa mshonaji. Mvutano lazima ugawanyike sawasawa kati ya nyuzi zote. Uzi mmoja ukiwa umelegea, zile tatu ndizo zinazobeba, na ulichokiita mshono wa nyuzi nne kwa kweli ni wa nyuzi tatu. Kosa hili halionekani kwa macho kano ikiwa imelala. Huonekana tu pale mashine inapoanza kuvuta na uzi mmoja ukabaki umejipinda.

Nyuzi sita na zaidi

Savage alieleza mshono wake wa nyuzi sita mwaka 1985, na tangu hapo hakuna aliyekanusha nguvu zake. Kinacholalamikiwa ni ugumu wake. Njia ya kupunguza mtomo ni kutumia uzi wa kitanzi, ambao Tsuge aliutangaza mwaka 1975 na ambao baadaye ulitumiwa na Lim na Tsai pamoja na Tang kufikia nyuzi sita: sindano moja hubeba nyuzi mbili kwa pamoja, hivyo kila mpito mmoja huhesabiwa mara mbili. Kwa mbinu hizi nguvu ya siku ya kwanza huweza kupita nyutoni 50 au 60 katika kano za ukubwa wa zile za binadamu.

Hapa ndipo mezani na mnyamani hupishana. Kila uzi unaoongezwa huongeza unene, na kila uzi unaokaa juu ya uso wa kano huongeza msuguano dhidi ya ala na kapi zake, yaani pete zinazoishikilia kano karibu na mfupa. Kundi la watafiti wa Mayo Clinic, ambalo limechunguza msuguano huu kwa miaka mingi, lilionyesha katika kano za mbwa zilizokatwa sehemu tu, mwaka 2001, kwamba mshono wenye msuguano mkubwa wa aina ya Becker ulifuatiwa na kunata kwingi, yaani kano kushikamana na tishu zinazoizunguka, kuliko Kessler iliyorekebishwa. Katika kano ya panya, Wong na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba hata mtomo mmoja tu huacha eneo lisilo na seli kuuzunguka uzi. Sidhani kwamba matokeo hayo yanakataza nyuzi sita. Yanakataza kuzichagua kwa kutazama safu ya nyutoni peke yake, hasa pale kano yenyewe ni nyembamba na nyuzi sita zinachukua sehemu kubwa ya mwili wake.

Mshono wa Bunnell, ule wa kupishana mara nyingi ndani ya kano, unatajwa hapa kwa heshima ya historia. Hunyooka ukivutwa, hubana mishipa midogo ya damu, na kwa kano ya kukunja kidole ndani ya ala hauna nafasi katika ulinganisho wa leo isipokuwa kama kipimo cha zamani.

Mshono wa ukingo

Wengi huuona kama urembo wa kumalizia, kumbe ndio unaoamua pengo. Mshono mwepesi wa mfululizo kwa uzi wa 6-0 kuzunguka mkato huongeza nguvu ya jumla kati ya asilimia 10 na 50, hulainisha uso, na huchelewesha kufunguka kwa ncha. Sindano ikichukua nyama ya kutosha, takriban milimita 2 kutoka kwenye mkato na kwa kina badala ya kupapasa juu juu, tofauti huonekana mara moja. Mishono ya kupishana, kama ile ya Silfverskiöld ya mwaka 1993, ina nguvu zaidi lakini huweka uzi mwingi nje ya kano, na hapo tunarudi kwenye hoja ya msuguano. Kosa baya la kiutaratibu ni kulinganisha mshono wa kiini A wenye ukingo mwepesi na mshono wa kiini B wenye ukingo wa kupishana, kisha kusifu kiini B.

Mnyama gani, mshono gani

Mbwa ndiye aliyetumiwa kwa maswali makubwa, kwa kuwa kano zake za kina za vidole zina ala, kapi na ukubwa unaokaribia wa binadamu. Kwake yeye ndiko Gelberman na wenzake walikoonyesha mwaka 1999 kwamba kano yenye pengo lililozidi milimita 3 haikuongezeka nguvu kati ya siku ya 10 na ya 42, ilhali zile zenye pengo dogo ziliongezeka. Matokeo hayo ndiyo msingi wa kipimo cha milimita 3 ambacho sasa hutumika kama mpaka. Shida ya mbwa ni kwamba hakubali kupumzika: akikanyaga, mzigo wa mwili mzima hupita kwenye mshono. Watafiti hutumia plasta, kombeo, au hukata mshipa wa fahamu wa radiali juu ili mguu usiweze kubeba uzito, na kila njia ina bei yake kwa mnyama ambayo kamati ya maadili ina haki ya kuiuliza kwa ukali. Katika mbwa, nyuzi nne zenye kufunga au nyuzi sita za kitanzi zinaingia bila kuibana kano, na nyuzi mbili zitumike tu kama kundi la kulinganishia, tena kwa tahadhari, kwa kuwa mshono ukikatika umempoteza mnyama bila kupata jibu.

Kuku ana faida isiyo ya kawaida, kwamba kidole chake kirefu kina ala na kapi zilizoumbika vizuri, na ni rahisi kumtunza. Kano yake lakini ni nyembamba. Nyuzi nne zinawezekana kwa uzi wa 5-0 na mkono uliotulia. Nyuzi sita naziona ni kumtesa kuku na mshonaji pamoja. Kwa kuku na sungura, Kessler iliyorekebishwa yenye kufunga ndiyo chaguo la busara la kuanzia. Sungura ametumika sana kwa masomo ya uponyaji na kunata, lakini ala yake hailingani vizuri na ya kidole cha mtu, na kwa kuwa huruka kwa nguvu akishtuka, mshono hukatika mara nyingi katika juma la kwanza kama mguu haukufungwa ipasavyo. Kwa panya wadogo mambo ni tofauti kabisa: uzi ni wa 8-0, kazi hufanyika chini ya hadubini, na mara nyingi kano hukatwa pale inapoungana na msuli ili kuondoa mvutano wakati wa kupona. Panya huulizwa kuhusu seli na jeni. Kumuuliza ubora wa mbinu ya kushona ni kumuuliza asichoweza kujibu.

Miguu ya nguruwe kutoka machinjioni haiponi, kwa hiyo hutumika kwa nguvu ya siku ya kwanza tu, lakini kwa hilo hufaa sana: hupatikana kwa wingi, ukubwa unafanana, na hakuna mnyama anayeuawa kwa ajili ya jaribio. Kwa maoni yangu, ulinganisho wowote wa mbinu zaidi ya mbili ungepaswa kuanzia hapo, na ni zile mbili zilizobaki tu zipelekwe kwa mnyama hai. Kinachopaswa kuepukwa ni kuchukua nyutoni za nguruwe na kuziandika kana kwamba ni za kano ya mtu. Mpangilio wa mbinu kutoka dhaifu hadi imara unaweza kuhamishwa, namba zenyewe haziwezi.

Kulinganisha kwa haki

Mambo manne huvuruga ulinganisho kuliko mbinu yenyewe. La kwanza ni unene wa uzi: kutoka 4-0 kwenda 3-0 huongeza nguvu kwa kiasi kinachoweza kufunika tofauti ya mbinu mbili. La pili ni umbali wa mshiko, yaani urefu wa kano kati ya mkato na mahali uzi unapogeukia. Kati ya milimita 7 na 10 ndipo panapofaa kwa kano kubwa, na ukipunguza hadi milimita 4 mshono wowote huteleza. La tatu ni aina ya uzi, kwa sababu nailoni hunyumbuka na kufungua pengo mapema, poliesta iliyosukwa hunyumbuka kidogo, na nyuzi mpya za polietilini kama FiberWire ni imara mno kiasi kwamba kano hupasuka au fundo hufunguka kabla uzi wenyewe haujakatika, hivyo huhitaji mafungo mengi zaidi. La nne ni mahali pa uzi ndani ya kano: nusu ya upande wa mgongo wa kidole hushika kwa nguvu zaidi, lakini ndiko inakoingia mishipa ya damu.

Upimaji nao una mitego yake. Kuvuta mara moja hadi kukatika ni haraka, lakini huipendelea mishono inayofunguka polepole. Kuvuta na kuachia mamia ya mara kwa mzigo mdogo huonyesha pengo linavyojenga hatua kwa hatua, na ndivyo kidole kinavyofanya kazi. Kano ikipimwa ikiwa imepinda kuzunguka kapi, hushindwa mapema kuliko ikivutwa moja kwa moja. Na kano ikikauka, namba hupanda bila sababu. Nimewahi kuona kazi ya asubuhi nzima ikitupwa kwa kuwa mtu alisahau kunyunyizia maji ya chumvi kati ya kano na kano, naye alikuwa mwangalifu kwa kila kitu kingine. Kiripotiwe nguvu ya pengo la milimita 2 kando ya nguvu ya kukatika, na kiripotiwe pia jinsi kila kano ilivyoshindwa: uzi ulikatika, fundo lilifunguka, au uzi ulichana kano na kutoka. Safu hii ya mwisho ndiyo ninayoisoma kwanza katika ripoti ya mtu mwingine. Ikionyesha kwamba karibu mishono yote ilishindwa kwenye fundo, basi jaribio lilipima mafundo.

Kwa mtu anayetaka jibu la kushika mkononi, ningesema hivi. Swali likiwa ni nguvu na pengo, anzia kwenye nguruwe kwa msalaba wenye kufunga wa nyuzi nne dhidi ya nyuzi sita za kitanzi, uzi na ukingo vikiwa sawa. Swali likiwa ni kunata na mteremko wa kano ndani ya ala, nenda kwa kuku ukiwa na nyuzi mbili zenye kufunga dhidi ya nyuzi nne, na usiongeze ya tatu. Swali likihitaji kidole kinachofanya kazi kwa majuma sita, mbwa ndiye anayebaki, na hapo nyuzi nne zenye kufunga pamoja na ukingo wa kina ndizo ningezipa nafasi ya kwanza, zikilinganishwa na mbinu moja tu inayoshindana nazo kwa hoja iliyoandikwa kabla ya upasuaji wa kwanza. Kabla ya hapo kila mshonaji ashone kano ishirini za machinjioni, na kano kumi za mwisho zipimwe zote. Zikitofautiana sana kati yake mwenyewe, aendelee kufanya mazoezi, na mnyama asubiri.